Tovuti Kichwani mwa Bi Felista

Kama kuna viumbe Sikudhani Mhina aliowadharau kuliko wote, ni wajumbe wa kamati za harusi. Ndio waliomlisha, ndio waliomjengea karakana ya mafundi kumi na wanne pale Kihonda, na bado aliwadharau kwa moyo mkunjufu. Biashara yake ilikuwa sare. Kamati ikishachagua kitambaa, kila mjumbe anafungua tovuti ya Sare Moja, anasimama mbele ya simu, anajizungusha mara moja kama kuku anayetafuta pa kutagia, na tovuti inampima bega, kifua, kiuno na urefu bila kukosea hata nusu inchi. Wiki mbili baadaye nguo iko mlangoni. Kazi nyepesi kabisa, laiti watu wangekuwa watu.

Lakini wajumbe hawajipimi Jumatatu. Jumanne hawajipimi. Wiki nzima wanatumiana picha za maua kwenye kundi la simu, mpaka Jumamosi mwenyekiti anapochoka na kuanza kuwataja mmoja mmoja mbele za watu: fulani hujajipima, fulani unatuangusha, fulani nimekukumbusha mara tatu, sasa nakuondoa kwenye orodha. Aibu inawapanda. Watu mia nne waliokuwa wamelala fofofo wanasimama mbele ya simu zao ndani ya robo saa ileile, na tovuti inaanguka chini kama gunia.

Jumamosi hiyo ilianguka saa nane na dakika tano mchana. Aliyeipangisha tovuti yake wakati huo alikuwa Bwana Chambuso, mtu wa mitambo ya chuma, mwenye mashine kumi na mbili ndani ya ghala la zamani la mahindi. Sikudhani alimpigia simu.

"Inapanda, mama," alisema Chambuso. "Mashine imechemka. Mgao wangu wa maji umekwisha tangu asubuhi. Naipepea."

"Unaipepea?"

"Kwa ungo, mama. Inapanda."

Haikupanda. Iliyopanda ni simu ya Bi Dafroza, mwenyekiti wa kamati ya harusi kubwa kuliko zote mjini Morogoro mwaka huo, mwanamke ambaye salamu aliziona kuwa kazi ya watu wengine.

"Fundi, umenidhalilisha mbele ya wakwe."

"Pole sana, dada. Mtambo ume..."

"Mimi sivai mtambo. Leo nilikuwa nawajaribu watu wa upande wetu tu. Jumamosi ijayo, saa nane kamili, nawataja wa pande zote mbili. Watu mia nane. Ikianguka tena, kuna vijana wa Dodoma nao wanashona."

Sikudhani akasema ndiyo dada, asante dada, na alipokata simu akamtukana mpaka babu yake. Lakini matusi hayashoni nguo. Tangu masika kamati mbili zilikuwa zimeshamkimbia kwa sababu hiyohiyo moja. Hii ya tatu ikiondoka, nusu ya vyerehani vitafunikwa shuka, na baadhi ya wale mafundi kumi na wanne hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mafundi wake ndio watu pekee aliowaheshimu duniani, na hata wao hakuwahi kuwaambia.

*

Wiki ile alitafuta pa kuihamishia tovuti. Chambuso aliahidi kuongeza ungo wa pili. Kampuni ya ng'ambo ilikuwa na mashine kwenye barafu, hazichemki hata ufanyeje, lakini sheria ilikataza vipimo vya miili ya wananchi kuvuka mpaka. Siku ya Jumatano akaja Faraji Lukindo wa kampuni ya Tulizo, kijana wa suti ya samawati, tabasamu limebandikwa usoni kama lebo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa amejitembeza mpaka soli za viatu zimelala upande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema ulichonacho, nina vitambaa vya kukata."

Faraji alieleza vizuri, kama mtu aliyekariri. Tangu bwawa lilipokauka na Sheria ya Maji kupita, hakuna mashine iliyoruhusiwa kupozwa kwa maji ya kunywa. Mitambo ya chuma ikawa inakufa kwa joto. Tulizo wakaona kuna mtambo mmoja ambao hujipoza wenyewe, hauhitaji kiyoyozi, na ukipewa ugali na maharage unafanya kazi ya mashine mia.

"Kichwa cha binadamu, mama. Anavaa kilemba cha nyaya, analala, na tovuti yako inakaa kwenye vyumba vya ubongo ambavyo hatumii. Tovuti iliyokaa kwetu haijawahi kuanguka hata mara moja."

"Na mwenye kichwa?"

"Anapumzika tu. Sisi tunawaita wenyeji. Wamejiandikisha wenyewe, wanakula, wanalala, wanalipwa. Hebu tazama chati ya kasi hii."

Sikudhani hakuitazama. Miaka ishirini na tano ya cherehani ilikuwa imemfundisha jambo moja, na hilo alilitumia kwa nguo, kwa wachumba na kwa wanasiasa. "Mimi sinunui nguo bila kuigeuza," alisema. "Kwa nje kila nguo ni nzuri. Geuza ndani ndipo utaona mshono, utaona bitana, utaona fundi kaficha nini. Nataka kuona ndani."

Tabasamu la Faraji lililegea pembeni. "Wateja wetu hutosheka na chati, mama. Hakuna aliyewahi kuomba."

"Wateja wenu ni wajinga. Twende."

*

Nyumba ya Tulizo ilikuwa Bigwa, chini ya mlima, katika jengo lililokuwa bweni la wanafunzi. Kuta zilipakwa rangi ya anga, rangi ambayo watu huipenda wakitaka usiulize maswali. Ndani kulikuwa na vitanda thelathini na harufu ya uji. Katika vitanda ishirini na tisa walilala wazee kwa vijana, vilemba vya nyaya vimewabana vichwa, midomo ikichezacheza bila sauti. Kwenye kitanda cha thelathini alikaa bibi mmoja mwembamba, macho wazi, ameshika pindo la gauni lake na kulipapasa kwa vidole viwili.

"Huyu ndiye tuliyekutengea," alisema Faraji. "Bi Felista Mkude. Mpangaji wake ameondoka juzi. Kichwa safi sana."

Sikudhani alimtazama kijana huyo kama anavyotazama nondo kwenye sufu, kisha akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Felista. "Unataka ya inchi moja na nusu au ya mbili?"

Sikudhani hakuelewa. Faraji akacheka kwa haraka. "Mpangaji aliyeondoka alikuwa anauza pampu za maji. Ni mabaki tu hayo. Yanaisha yenyewe."

Bi Felista hakukasirika. Alieleza kwa utaratibu kwamba yeye alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka thelathini, kwamba aliwahi kuivisha makande ya watoto mia sita kwa sufuria mbili, na kwamba sasa akifikiria makande anaona mabomba. Wakati anasema, mkono wa Sikudhani ulikuwa umeshafika kwenye pindo. Ni mazoea ya ufundi, hayaombi ruhusa. Akaligeuza ndani. Kwa uzi mwekundu, mshono wa mkono, yalikuwa yameandikwa majina: Onesmo, Skolastika, Devota, halafu Skolastika tena. Herufi za mwanzo zilinyooka. Za mwisho zilipinda kama njia ya mbuzi.

"Wajukuu zangu," alisema bibi. "Wako Mvomero kwa mama yao. Nawapapasa na kuwataja kila nikiamka. Humu ndani kisichoguswa kinaazimwa."

Sikudhani akageuka. "Kinaazimwa?"

Faraji alivuta tai yake. Ikabidi aseme. Mzigo wa tovuti ukizidi vyumba ilivyopewa, mfumo unaazima chumba cha jirani. Unachagua kile ambacho mwenyeji hajakigusa kwa muda. "Lakini hauazimi bila ruhusa ya mteja, mama. Kitufe kiko kwako mwenyewe. Usipobonyeza, tovuti inakwenda polepole, basi. Hatulazimishi mtu."

"Na kilichoazimwa kinarudi?"

"Mara nyingi."

"Mara nyingi," alirudia Sikudhani, kama anayetema kokwa. "Wewe umewahi kukivaa hicho kilemba?"

"Mimi?"

"Nakuuliza wewe. Fundi asiyeweza kuvaa alichokishona, mimi simpi hata suruali ya kupunguza urefu. Umekivaa?"

Faraji aliangalia vitanda, akaangalia viatu vyake. "Mimi nina watoto, mama."

Sikudhani alicheka mpaka mmoja wa waliolala akajigeuza. "Una watoto! Na huyu hapa ana nini, mawe? Mwenzako kayashona majina kwenye gauni ili asiibiwe, na wewe unamwita kichwa safi. Hivi unyoapo ndevu, kwenye kioo unamwona nani?"

"Usimgombeze," alisema Bi Felista. "Ndiye anayetuletea uji." Alimshika Sikudhani mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. "Nichukue, mwanangu. Kichwa kisicho na mpangaji hakikai hapa zaidi ya wiki, na kwangu paa limechukuliwa na upepo. Ninachopata hapa ndicho wanachokula kule Mvomero. Ukiondoka kwa hasira utakuwa umenitendea wema gani?"

Sikudhani akalirudisha pindo la gauni mahali pake, akalinyoosha.

"Kijana ameniambia wewe ni wa sare za harusi. Harusi ni jambo zuri," aliendelea bibi. "Nimechoka na pampu. Ila hicho kitufe usikibonyeze."

"Sitakibonyeza, mama."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Akatia sahihi. Njia nzima ya kurudi Kihonda alimdharau Faraji Lukindo, suti yake, tai yake na ukoo wake, na safari ikawa fupi na tamu.

*

Jumamosi saa nane kasorobo mafundi wote kumi na wanne walisimamisha vyerehani. Sikudhani alikaa mezani, kishikwambi mbele yake, mkasi pembeni. Bi Felista alikuwa amelazwa tangu asubuhi, kilemba kichwani, ili tovuti izoee.

Saa nane kamili Bi Dafroza alianza kutaja. Sauti yake ilitoka kwenye kundi la simu kama ya karani wa mahakama: "Rogathe, mara ya tatu hii. Baba mdogo Kisamo, unatuangusha. Na huyo aliyeko Mwanza asijifiche, namwona." Idadi ikaanza kupanda. Mia. Mia mbili na nusu. Mia tano. Tovuti iliwapokea watu kama mlango wa msikiti siku ya Idi, kila mmoja akajizungusha, akapimwa, akashukuriwa kwa jina, akapita. Fundi Mashaka, mzee kuliko wote pale, akanong'ona kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho. Sikudhani alijisikia mrefu.

Ilipofika mia sita na arobaini, kioo kikawa cha njano. Maandishi yakatokea: Mzigo umezidi. Azima chumba? Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Punguza mwendo.

Akabonyeza Punguza mwendo. Upesi, bila kufikiri, na akajipongeza moyoni kwamba yeye si Faraji.

Kiduara kikaanza kuzunguka. Mia sita na arobaini na moja. Kikazunguka. Mia sita na arobaini na moja bado. Simu ikalia.

"Fundi," alisema Bi Dafroza, taratibu, jambo lililokuwa baya zaidi ya kelele. "Mkwe wangu, hakimu mzima, amesimama sebuleni mikono juu kama kibaka aliyekamatwa, na kidude kinazunguka tu. Watu wanamcheka. Nina namba ya vijana wa Dodoma mkononi. Nahesabu mpaka kumi."

"Dada, dakika chache tu."

"Moja."

Sikudhani aliinua macho. Mafundi kumi na wanne walikuwa wanamtazama yeye, si kioo. Mashaka alikuwa ameweka mkono juu ya cherehani yake kama anayemtuliza mnyama.

"Nne," alisema Bi Dafroza.

Onyo la njano lilikuwa bado linamsubiri. Chumba kimoja tu, aliwaza. Bila shaka ni cha pampu. Kichwa kile kimejaa pampu, zitaazimwa za inchi mbili, nani atazililia? Na bibi anawataja wale watoto kila akiamka, si amesema mwenyewe? Akakumbuka kwamba leo bibi hakuamka. Tangu asubuhi hajaamka. Hilo alilikumbuka vizuri kabisa, na asije mtu akasema hakulikumbuka.

"Saba."

"Mimi nina mafundi kumi na wanne," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu aliyemuuliza.

Akabonyeza Ndiyo.

Njano ikafutika. Mia saba ikapita, mia saba na hamsini, na saa nane na dakika kumi na tisa watu mia nane walikuwa wamepimwa, hakimu akiwa wa mwisho, tumbo lake limepimwa bila huruma wala nyongeza. Mafundi wa kike walipiga vigelegele. "Unaona?" alisema Bi Dafroza kwenye simu. "Mkitaka mnaweza." Akakata bila kuaga.

*

Jumapili nzima Sikudhani alishona. Hakumpa fundi yeyote kazi hiyo. Alichagua kitenge cha bei ya juu, akakitia bitana, na ndani ya pindo akatarizi majina matatu kwa uzi mwekundu, herufi nzuri kama za kwenye kanzu ya bwana harusi. Jumatatu alasiri akaenda nayo Bigwa. Njiani alimdharau dereva wa pikipiki kwa kukanyaga mashimo, akamdharau Bi Dafroza kwa kutokujua salamu, akamdharau hata hakimu kwa tumbo lake. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa analifunika kwa mikono yote miwili.

Faraji alimpokea mlangoni. Hakutabasamu, na Sikudhani alichukia kwa nini hakutabasamu.

Bi Felista alikuwa amekaa palepale kitandani. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya magoti. Hakuwa ameshika pindo. Hilo ndilo Sikudhani aliloliona kwanza.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimtazama juu mpaka chini. "Marahaba. Bega kumi na sita, kifua arobaini, kiuno thelathini na sita. Asante kwa kujipima."

Vilikuwa vipimo vyake hasa.

"Nimekuletea nguo, mama. Nimeishona mwenyewe."

Bi Felista aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akaigeuza ndani palepale. Alikagua mshono, akakagua bitana, akafika kwenye pindo. Kidole chake kilipita juu ya majina, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la mtaa asiokaa.

"Onesmo. Skolastika. Devota." Akatikisa kichwa. "Hawa watatu hawajajipima. Ni wa upande wa bwana au wa bibi?"

"Ni wa upande wako, mama."

"Kwangu hawamo." Alisema bila huzuni, na hapo ndipo palipouma. "Nimetafuta kote. Niwaondoe kwenye orodha?"

Sikudhani aligeuka kumtafuta mtu wa kumlaumu. Faraji alikuwa mlangoni, anaangalia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza Sikudhani alimwona ni mtu mdogo sana asiyeweza kubeba lawama yote hii. Alijichukia, akajiambia hivyo kwa jina lake kamili, na haikusaidia.

"Usiwaondoe, mama," alisema. "Nakuomba. Usiwaondoe."

"Haya, tusiwaondoe. Basi wataje." Bibi alimpigapiga mkono, kumfariji, kwa kuwa aliona mteja analia. "Wataje kwa majina, mbele za watu. Nimewaona wengi Jumamosi. Wakitajwa wanakuja."

Sikudhani akapangusa uso kwa kiganja, akasimama katikati ya vitanda thelathini, akawataja. Onesmo. Skolastika. Devota. Bi Felista alikaa wima, mikono magotini, akiwasubiri pamoja naye.

Hakuna aliyekuja.